Tusi la Mwenye Kilabu

Bi Stesheni alipostaafu kutangaza treni, wapo walioapa kwamba treni zenyewe zilisusa. Inasemekana ile ya asubuhi ilikaa jukwaa la pili ikikoroma tu, haiendi mbele wala nyuma, kwa kuwa haikusikia sauti iliyozoea kuifukuza. Na yule mbuzi aliyepanda behewa la daraja la pili siku Bi Stesheni alipotangaza "waliobaki wote wapande sasa", huyo alionwa na watu wazima wenye akili timamu, na alishuka kituo alichotakiwa kushuka. Anayebisha akawaulize wapagazi.

Badala yake stesheni ilifunga mashine. Ndani ya mashine aliwekwa binti mmoja aliyerekodiwa mara moja tu, na kwa jinsi alivyotamka neno "imechelewa", ilikuwa dhahiri hajawahi kusubiri treni maishani mwake. Bi Stesheni akapewa saa ya ukutani na makofi, akahamia kwa dada yake.

Dada yake alikuwa mkunga mstaafu. Mtaani hapakuwa na mtu wa kumpandishia sauti, maana nusu ya mtaa aliwapokea mwenyewe, wakiwa uchi na wanalia, na alikuwa tayari kuwakumbusha. Alimwambia mdogo wake kwamba kelele alizopiga zinatosha, sasa atulie, nyumba ni ya kupumzikia. Bi Stesheni akatulia. Akawa anazungumza taratibu kama mtu aliyeingia wodini, mpaka majirani wakaanza kumwinamia ili wamsikie akiomba chumvi.

Lakini sauti haistaafu kwa barua. Ilimkaa kifuani kama kikohozi kisichotoka. Ndiyo maana, aliposikia redioni kwamba kituo cha televisheni kimenunua tamthilia ya kigeni ya makauboi na kinatafuta watu wa kuwaingizia Kiswahili midomoni, alivaa viatu vyake vya kazini akaenda. Dada aliambiwa kwamba mdogo wake anakwenda mazoezi ya magoti.

Chumba cha kurekodia kilikuwa ghala la zamani, kuta zimewambwa magodoro, na ukikohoa humo kikohozi kinakufa palepale. Msimamizi, jamaa mwembamba asiyevua visikizio hata wakati wa kula, alimwonyesha mwanamke kwenye skrini: mama mwenye kilabu cha pombe katika mji wa tope tupu, wachimba dhahabu wamemzunguka, bastola ndani ya aproni. Akamwambia anataka sauti ya mtu aliyeanza kuvuta sigara kabla ya kuanza kutembea. Bi Stesheni hakuwahi kugusa sigara. Alifumba macho, akaikumbuka injini ya dizeli inavyoamshwa alfajiri ya baridi, akaishusha sauti mpaka kwenye kisigino, halafu akaiachia. Magodoro yalitikisika. Msimamizi akamwambia avute kiti.

Akawa Mwenye Kilabu. Hakumwambia mtu. Sifa ya ndugu, alijiambia, ni kama chai ya msibani: hunywewa kwa adabu, hakuna asemaye kama sukari imekolea. Alitaka asikilizwe na watu wasiojua ni yeye, wamseme mbele ya uso wake bila kujua uso ni wake.

Akayapata aliyoyataka, tena kwa pishi.

Televisheni kubwa kuliko zote mtaani ilikuwa ya Dada, zawadi ya mmoja wa wale aliowapokea wakiwa uchi. Kila Jumamosi jioni sebule ilijaa. Fundi Redio wa nyumba ya jirani alikaa kiti cha karibu na dirisha pamoja na mkewe, akijiona ndiye mwenye haki ya mwisho juu ya chochote chenye waya. Kinyozi alikaa sakafuni, mgongo kwenye kabati. Dada alikaa katikati, na mdogo wake alipitisha vikombe.

Sehemu ya kwanza ilipoonyeshwa, waliudhika wote. Ule mji haukuwa na mfereji hata mmoja, na hakuna mtu aliyeoga tangu muziki wa mwanzo mpaka majina ya mwisho. Kinyozi aliumizwa na ndevu. Alisema mtu anaweza kuwa jambazi na bado akapunguza pembeni. Mke wa Fundi Redio hakufuatilia risasi hata moja. Yeye mawazo yake yalikuwa kwa farasi mweupe aliyefungwa nje ya kilabu na kusahauliwa, akawa anauliza kila baada ya muda kama wamempa maji. Daktari wa mji alipochimbua risasi begani mwa mtu kwa mikono aliyotoka kushikia kuku, Dada alisimama akazima televisheni, akazunguka sebule mara moja, ndipo akaiwasha tena.

Halafu Mwenye Kilabu akatokea kwenye ngazi na kuutangazia umati, "Mazishi ya marehemu yataanza saa nne kamili. Wahusika wote wajitayarishe."

Sebule nzima ilicheka. Bi Stesheni aliyekuwa na birika mkononi alijua papo hapo alipokosea. Pale kwenye "kamili" alipandisha sauti kidogo, akaituliza, kisha akaachia pumzi, vilevile alivyofanya kazini kila siku ili mwangwi wa paa la mabati uishe kabla ya sentensi ya pili. Midomo ya yule mama ilisema maziko. Masikio yalisikia jukwaa namba tatu.

Fundi Redio alijifuta machozi. Alisema huyo mama anamzika mtu kama anatangaza treni imechelewa, na kwamba wangekuwa na akili wangemwita jirani yetu hapa, Bi Stesheni, angalau yeye alikuwa anatangaza kitu kinachokuja kweli. Akamgeukia na kumtaka rai yake kama mtaalamu.

"Nadhani ni mgeni wa kazi," Bi Stesheni akanong'ona, na kummiminia chai mpaka kwenye kisahani.

Sehemu ya pili haikuwa afadhali. Alijibana mno asitangaze, sauti ikawa bapa kama chapati iliyokaliwa. Fundi Redio alisema sasa treni imeanguka. Kinyozi, mtu wa huruma, alisema labda mama wa watu anaumwa. Dada hakusema kitu, na kutosema kwa Dada kulikuwa kitu kizito kuliko kuanguka kwa treni.

Msimamizi naye hakumficha. Siku waliyokutana kurekodi sehemu ya tatu alimweleza kwamba watazamaji wanapiga simu, na mkubwa wa kituo amechoka kuulizwa kama kilabu kiko stesheni. Yupo binti wa kikundi cha maigizo, sauti nzuri, mdomo mwepesi, anasubiri tu aitwe. Watatazama sehemu ya tatu ikipokewaje. Jumatatu yeye Msimamizi atapiga simu, ama ya kusema njoo, ama ya kusema asante.

Bi Stesheni akaijua hiyo "asante". Aliwahi kupewa moja, pamoja na saa ya ukutani. Akaona wazi kwamba safari hii ikija, sauti yake haitabaki na pa kwenda ila kuomba chumvi.

Onyesho kubwa la sehemu ya tatu lilikuwa hivi. Mchimba dhahabu mzee, mgonjwa wa ndui, amelazwa chumba cha juu cha kilabu. Mkuu wa walinzi anakuja na watu wake kumtoa na kumtupa topeni asije akaambukiza mji. Mwenye Kilabu anawasimamia kwenye ngazi, taa mkono mmoja, mkono wa pili mtupu. Bastola ameiacha chini, hana kitu ila mdomo. Naye, kwa lugha ya kwao, anautumia huo mdomo kwa matusi ambayo mfasiri, kijana mstaarabu, aliyasoma akiwa ameziba uso. Kituo hakiruhusu matusi. Mfasiri akaandika: "Ewe mtu mwovu."

Walijaribu. Bi Stesheni alisema "Ewe mtu mwovu" akamaliza, na mwanamke kwenye skrini akabaki anatafuna hewa. Wakaongeza "sana". Bado anatafuna. Mfasiri akajaribu "usiye na haya wala soni", lakini pale midomo ilipotakiwa kufumba ilifumbuka, na ikawa kana kwamba mama wa watu ana pepo. Wakarudia mpaka koo likaanza kumkwaruza. Msimamizi akatazama saa.

Ndipo Bi Stesheni alipoacha kutazama karatasi. Akamtazama yule mkuu wa walinzi. Kofia safi, buti safi katika mji ambao hata maiti walikuwa na tope. Mtu mzima aliyepanda ngazi na wenzake wanne kumburuta mgonjwa. Kitu kikamjia kutoka mbali, hakuuliza kinatoka wapi. Picha ikarudishwa nyuma, taa nyekundu ikawaka, naye akasema, bila kupaza, kwa sauti ile ya dizeli:

"Rudi chini. Kandambili la kushoto wewe."

Midomo ilifunguka palipofunguka, ikafumba palipofumba, ikamalizia pamoja naye kama ngoma na mchezaji. Mfasiri akaacha kalamu. Msimamizi alivua visikizio kwa mara ya kwanza tangu ajulikane, akacheka hadi akajishikilia kwenye godoro, kisha uso ukabadilika. Alisema hajui kama hilo si tusi. Hajui maana yake hasa. Ila kalisikia tumboni, na kama yeye kalisikia tumboni, ama litawafukuzisha kazi wote ama litawapa. Akaliacha.

Jumamosi ilipofika, Bi Stesheni alifuta meza ambayo haikuwa na vumbi. Watu walikuja mapema kuliko kawaida, maana Fundi Redio alikuwa ametangaza kwamba leo anakuja na filimbi ya mlinzi wa treni, na kila Mwenye Kilabu akifungua kinywa yeye atampigia aondoke. Kweli alikuja nayo, imening'inia shingoni. Mkewe alimuuliza Dada kama kuna mtu amesikia habari za farasi.

Tamthilia ikaanza. Mvua, tope, jeneza. Mwenye Kilabu alipotokea mara ya kwanza kumnywesha mgonjwa maji, Fundi Redio alipiga filimbi, wakacheka. Bi Stesheni akacheka nao, kijiko kinagonga kikombe. Mara ya pili filimbi ililia kwa kifupi kuliko alivyokusudia, kwa kuwa mkewe alimpiga kiwiko anataka kusikia.

Buti zikasikika kwenye ngazi. Taa ikainuliwa.

Bi Stesheni alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na sinia. Hakutazama skrini. Alitazama visogo. Kazini miaka yote hakuwahi kuwaona waliomsikiliza. Aliongea na kioo chenye vumbi, watu wakaenda. Sasa walikuwa hapa, nyuma za shingo zao, na alijua hazitamdanganya.

Shingo ya Kinyozi ndiyo ilisimama kwanza. Mgongo uliachana na kabati. Mke wa Fundi Redio aliweka mkono mdomoni. Fundi Redio mwenyewe alikuwa ameshaijaza pumzi mashavuni, filimbi imo mdomoni tayari, na sauti ya kwenye ngazi ikasema rudi chini, ikasema lile neno, na ile pumzi ikabaki humo humo mashavuni, haina pa kutokea. Kwenye skrini mkuu wa walinzi alishuka ngazi moja. Sebuleni, watu wanakula kiapo mpaka leo, Kinyozi alisogea nyuma kwa makalio.

Hakuna aliyecheka. Kicheko kilikuja baadaye kidogo, na kilikuwa cha aina nyingine, kile cha mtu aliyeponea chupuchupu. Kinyozi alirudia tusi polepole akilionja. Mke wa Fundi Redio alimgeukia mumewe, akamtazama kuanzia filimbi hadi miguuni, na kila mtu alisikia anachofikiria. Fundi akaitema filimbi. Alisema lazima wamebadilisha mtu. Huyu siye yule wa treni. Huyu ni mwanamke mwenyewe.

Dada peke yake ndiye hakutazama tena televisheni. Alikuwa amegeuka kabisa kwenye kiti chake, anamtazama mdogo wake mlangoni. Alitazama kwa muda, kama alivyozoea kumtazama mama mja mzito anayedai si uchungu, ni gesi tu.

"Magoti yako," akasema. "Huko kwenye mazoezi wanakufundisha na kutukana?"

Sinia likawa zito ghafla. Bi Stesheni akaliweka juu ya kabati.

"Dada, ni kazi tu."

"Sikuulizi kazi. Nauliza hilo neno. Sauti umeificha, hata mimi umenipita, na mimi nakujua tangu hujaota meno. Lakini hilo neno halina wawili duniani."

Akaigeukia sebule, na watu wakanyamaza maana Dada akigeuka huwa kuna mtoto anakuja. Akawaeleza kwamba mama yao mzazi hakuwahi kutamka tusi, dini yake haikumruhusu. Kwa hiyo alitukana kwa vyombo. Mtu mvivu alikuwa kifuniko kisicho na sufuria. Mmbeya alikuwa chujio. Na siku moja mfanyakazi wa halmashauri alipokuja na vijana kumtoa bibi mmoja mgonjwa nyumbani kwake, mama yao alitoka na ndoo mikononi, akasimama mlangoni mwa yule bibi, akamwita yule mfanyakazi kandambili la kushoto. Yaani kitu ambacho hata mwizi akikikuta kimoja hakiokoti. Yule mwanamume aliondoka. Wao wawili walikuwa wadogo, nyuma ya sketi yake, na Dada alifikiri ni yeye pekee aliyekuwa na umri wa kukumbuka.

Bi Stesheni alikuwa amesahau kweli. Alikumbuka ndoo tu, na maji yaliyomwagikia miguu yake. Neno lilikuwa limejihifadhi lenyewe.

"Huyo mnayemwogopa humo ndani," Dada akasema, na kuelekeza kidole kwenye televisheni bila kuitazama, "ni mdogo wangu. Tumbo moja. Mwenye filimbi apige tena."

Fundi Redio hakupiga. Alianza kueleza kwamba yeye tangu sehemu ya kwanza alishuku, sikio lake ni la kazi, na kwamba kusema mtu anatangaza treni si kumtukana, treni ni kitu cha heshima. Mkewe akamwambia anyamaze kabla hajatafutiwa chombo chake. Kinyozi aliinuka akamshika Bi Stesheni mikono miwili kama anampa pole na hongera kwa pamoja, akamuuliza, kwa unyenyekevu mkubwa, kama angeweza kumfikishia yule mkuu wa walinzi habari za ndevu. Wengine walitaka amwite mmoja wao hivyohivyo, papo kwa papo, na walianza kugombania nani aitwe. Akawakatalia wote. Furaha ilikuwa imemjaa mpaka kwenye masikio, lakini Jumatatu ilikuwa haijafika, na sebule moja si nchi.

Jumapili aliipitisha akikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Kutoka dirishani alimsikia muuza maji akimwita mwenzake kandambili la kushoto, na mwenzake akimjibu kwamba afadhali la kushoto kuliko lililokatika ukanda. Alilifunga pazia ili asije akaonekana akitabasamu peke yake kama mwehu. Halafu hofu ikamrudia: na kama mkubwa wa kituo naye amelisikia, akaona ni uchafu?

Jumatatu asubuhi simu ililia akiwa anachagua mchele. Dada akafika kwenye simu kabla yake, kwa magoti yake, ambayo yeye kweli yalikuwa yanamuuma, akabonyeza kitufe cha spika na kuiweka katikati ya meza kama mgonjwa.

Msimamizi alianza mbali. Alisema simu za kituo hazijapumzika tangu Jumamosi. Mwalimu mkuu mmoja ametaka kujua kama neno lile ni chafu, maana shule nzima inalisema na yeye hana kifungu cha kuwaadhibia. Mwanamume mwingine amelalamika kwamba mkewe hamwiti tena kwa jina. Mkubwa wa kituo aliitisha kikao kulijadili hilo neno, na kikao kilivunjika kwa kicheko baada ya yeye mwenyewe kulitamka kwa sauti ya kikazi.

Bi Stesheni aliuliza kuhusu sauti. Wamesema nini kuhusu sauti?

"Ndiyo ajabu yake, mama," Msimamizi akasema. "Hakuna hata mmoja aliyeuliza sauti ni ya nani. Wanauliza yule mama anaishi wapi, ana watoto, yule mgonjwa atapona. Mmoja anataka kumtumia blanketi."

Bi Stesheni akatazama mikono yake. Punje za mchele zilikuwa zimemganda kwenye vidole. Aliyatangaza majina ya miji ambayo hakuwahi kufika, watu wakashuka huko na mizigo yao bila kujua aliyewashusha; na sasa kulikuwa na mtu anayetafuta blanketi la kumpelekea mwanamke asiyekuwepo, kwa sababu ya pumzi iliyotoka kwenye kifua hiki.

"Kwa hiyo?" akauliza.

"Kwa hiyo yule binti wa maigizo tumempa sauti ya mke wa mwenye duka. Kiti cha Mwenye Kilabu ni chako mpaka tamthilia iishe. Na matusi yote utayatunga wewe, mfasiri amekubali kwa mikono miwili. Hongera, mama."

Ng'ambo ya ukuta, redio iliyokuwa ikijaribiwa na Fundi ilizimwa ghafla.

Bi Stesheni aliisikia ikizimwa. Simu ilikuwa safi, hata mkwaruzo haukuwepo. Msimamizi alisikika kana kwamba amekaa hapo mezani, juu ya bakuli la sukari. Akaisogelea meza.

"Laini inakatika," akasema. "Hapo kwenye kiti umesema nini? Rudia, mwanangu, na upaze kidogo."

Msimamizi akarudia, akapaza. Dada aliinuka na kwenda kufungua dirisha.

"Bado," Bi Stesheni akasema. "Anza tena pale kwenye simu kutopumzika."

Dada akafungua na la pili.